Medani Zilizohamia Mjini: Vita vya 1914–1918 katika Majina ya Kariakoo na Msimbazi

Katika mji mdogo wa Gettysburg, jimbo la Pennsylvania, Marekani, iko kazi ambayo Kiswahili hakijaipa jina lake mahususi: kazi ya mwongozaji wa medani ya vita mwenye leseni. Tangu mwaka 1915, anayetaka kuwatembeza wageni kwa malipo katika mashamba na vilima walikopigana majeshi ya Kaskazini na Kusini, tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, hutakiwa kwanza kufaulu mtihani. Hutahiniwa juu ya vikosi, makamanda, saa na mahali. Hutembea na wageni wake hadi penye jiwe au ukuta, akasimama, akaonyesha kwa kidole.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuvutia katika ziara hizo ni majina. Wamarekani walipigana miaka minne, na hata baada ya bunduki kunyamaza hawakukubaliana namna ya kuyaita mapigano yao. Watu wa Kaskazini walielekea kuliita pigano kwa jina la mto au kijito kilichokuwa karibu. Watu wa Kusini wakaliita kwa jina la mji. Pigano moja likawa Bull Run kwa hawa na Manassas kwa wale. Jingine likawa Antietam kwa hawa na Sharpsburg kwa wale. Mwongozaji anapotamka moja kati ya majina hayo amekwisha kuegemea upande kabla hajaeleza lolote.

Dar es Salaam haina medani ya namna hiyo. Tanzania haikupata kuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na maneno hayo, katika redio na magazeti yake, kwa muda mrefu yamekuwa ni maneno ya habari za majirani. Hata hivyo, mgeni anayetembezwa kwa miguu kutoka Sanamu ya Askari, akapita Mnazi Mmoja, akaingia Kariakoo na kutokea Mtaa wa Msimbazi, anakuwa amepita katikati ya medani za vita bila kuambiwa. Medani hizo haziko ardhini. Ziko kwenye vibao vya mitaa, na katika jina la soko lenyewe. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba majina hayo ni ya matabaka mawili, moja likiwa ni la ofisi na jingine la watu wasemao. Na kwamba mtu aliyebeba mzigo mzito kuliko wote katika vita hivyo amehifadhiwa na tabaka la pili tu.

Wenyewe kwa wenyewe

Vita vinavyozungumziwa hapa ni vile ambavyo vitabu vya shule huviita Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambavyo wazee wengi wa bara waliviita kwa jina fupi zaidi, Vita vya Mjerumani. Kwa upande wa Dar es Salaam vilianza tarehe 8 Agosti 1914, manowari ya Kiingereza Astraea ilipoupiga mizinga mnara wa simu ya upepo. Mji ulitwaliwa na Waingereza mwanzoni mwa Septemba 1916. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Na hapo vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha kwa wiki mbili.

Katika karatasi za serikali, vita hivyo vilikuwa kati ya Ujerumani na Uingereza, pamoja na Ubelgiji na Ureno. Katika pori la Kilwa na Lindi mambo yalionekana vinginevyo. Jeshi la Wajerumani, Schutztruppe, lilianza vita likiwa na askari Waafrika wapatao 2,500 chini ya maofisa wachache Wazungu. Kwa upande wa pili, kikosi cha King's African Rifles kilikuwa na askari wasiozidi 2,500 mwaka 1914, na hadi vita vinakwisha kilikuwa kimefikisha zaidi ya 30,000. Wayao, ambao mipaka ya wakoloni ilikuwa imewagawa kati ya himaya ya Mjerumani, ya Mwingereza na ya Mreno, walikuwa na vijana katika majeshi yote mawili. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha KAR, na miongoni mwa waliokijaza walikuwamo askari wa Mjerumani waliotekwa. Yaani mtu aliyekuwa akilenga upande huu mwezi wa kwanza aliweza kuwa analenga upande ule kabla ya mwaka kwisha, kwa bunduki nyingine na kofia nyingine, ila kwa lugha ileile.

Lugha hiyo ndiyo inayostahili kuangaliwa. Neno askari limetokana na Kiarabu, ambamo mzizi wake una maana ya jeshi. Kiswahili kililichukua, kikalifanya jina la mtu mmoja, kikaliacha lisibadilike katika wingi: askari mmoja, askari elfu. Wajerumani wakalichukua kwa Waswahili, wakaliandika katika ripoti zao. Waingereza wakafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo msomaji wa kumbukumbu za pande zote mbili hukutana na neno moja kwa adui na kwa mwenzake. Katika jeshi la Mjerumani, amri za gwaride zilikuwa za Kijerumani lakini mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili. Katika KAR kilitumika Kiswahili, pamoja na Kinyanja kwa vikosi vya Nyasaland. Ni vigumu kupata katika vita vya karne ya 20 mfano mwingine ulio wazi kama huu wa majeshi mawili hasimu yaliyopika, yaliyotukanana na yaliyoombana maji kwa lugha moja.

Je, hivyo navyo si vita vya wenyewe kwa wenyewe? Mwanasheria atakataa, kwa kuwa hapakuwa na dola moja iliyogawanyika. Lakini muundo wa maneno yenyewe hautaji dola. Unataja wenyewe, tena mara mbili, na katikati ukaweka kiunganishi kinachoonyesha kurudishiana: kilichotoka kwa hawa kinawarudia hawahawa. Kisarufi, sharti lake ni moja tu, kwamba anayepiga na anayepigwa waweze kutajwa kwa neno moja. Sharti hilo lilitimia Mahiwa.

Anayesimama juu na asiyesimama

Ziara za katikati ya jiji hazikosi kufika penye Sanamu ya Askari, katika makutano ya Mtaa wa Samora na Mtaa wa Azikiwe. Mahali hapo Wajerumani waliweka sanamu ya Hermann von Wissmann mwaka 1909. Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji, na mwaka 1927 ikazinduliwa hii ya shaba iliyopo, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Askari ameinama kidogo mbele, bunduki mkononi, singe yake ikielekea bandarini. Waongozaji hupenda sana habari ya singe.

Maandishi ya sanamu hiyo ni ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Hayawasahau wapagazi, yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Sifa hiyo ni kubwa, lakini inafaa kutazamwa kwa makini. Miguu na mikono ni viungo vya mwili wa mwingine. Askari anatajwa kama mtu, mpagazi anatajwa kama kiungo. Katika sanamu ya Nairobi, ambayo ni ya mchongaji huyohuyo, mpagazi alau amesimama pamoja na wenzake. Dar es Salaam anayesimama juu ni askari peke yake.

Kutoka hapo hadi Mnazi Mmoja si mbali. Uwanja huu uliachwa wazi enzi za ukoloni ili kuyatenga makazi ya Waafrika na ya wengine; leo una mnara wa mashujaa, na viongozi wa nchi wameweka hapo mashada, mikuki na ngao katika maadhimisho ya Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Mgeni akivuka Mtaa wa Lumumba anakuwa ameingia Kariakoo, na hapo kwa kawaida mwongozaji husema sentensi moja: kwamba jina hili limetokana na Carrier Corps. Kisha huonyesha soko, na msafara huendelea. Sentensi hiyo ni ya kweli. Lakini imebeba zaidi ya inavyopewa muda wa kueleza.

Koo

Carrier Corps ndilo jina Waingereza walilokiita kikosi cha wapagazi wao. Wapagazi walihitajika kwa sababu ya mbung'o: ng'ombe, punda na farasi walikufa kwa maelfu, na magari yalikwama kwenye matope ya masika. Kilichobaki kuaminika ni kichwa na bega la mwanadamu. Wanahistoria wanakadiria kuwa wapagazi wa upande wa Waingereza walifikia milioni moja kwa kipindi chote cha vita. Takwimu rasmi zinataja vifo zaidi ya 40,000; wachunguzi wengi huona idadi halisi ilikaribia 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi, na kwa unga wa mahindi uliopikwa nusu ambao matumbo ya wengi wao hayakuuzoea. Upande wa Wajerumani hesabu haikuwekwa.

Inafaa kusimama kidogo kwenye hesabu ya mzigo, kwa maana bila hiyo idadi hizo hazieleweki. Mzigo wa mpagazi ulikuwa takriban kilo 25. Posho yake ya chakula ilikuwa karibu kilo moja kwa siku. Mpagazi aliyebeba gunia la unga kwenda kwa askari aliyeko mwendo wa siku kumi, naye akahitaji siku kumi za kurudi, alikula kilo 20 kati ya 25 alizobeba. Kumfikishia askari huyo kilo tano kulihitaji mtu mzima mmoja kwa siku ishirini. Askari alipozidi kusonga mbele, hesabu ilizidi kuwa mbaya. Ndivyo jeshi la maelfu lilivyokula nguvu kazi ya mamia ya maelfu, na ndiyo sababu watu walikamatwa vijijini kupelekwa upagazi. Huko Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini wapagazi hao waliitwa tengatenga.

Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko katika mji mpya wa Waafrika, lakini vita vilizuka kabla halijaanza kutumika. Waingereza walipoingia, eneo hilo likawa kambi ya Carrier Corps. Soko lenyewe lilifunguliwa mwaka 1923. Jengo maarufu la zege lenye paa mfano wa miavuli, lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na likaungua mwezi Julai 2021. Majengo yamebadilika mara kadhaa. Jina halikubadilika.

Sasa lisikilizwe jina hilo. Neno la kwanza la Kiingereza, carrier, hutamkwa na Waingereza wengi bila r ya mwisho. Kiswahili kimelipokea kama karia. Neno la pili, corps, limetoka Kifaransa, na lina herufi tatu zisizosikika kinywani mwa Mwingereza: r, p na s. Kinachosikika ni k na irabu ndefu. Kiswahili kimeandika kile kilichosikika: koo. Hapakuhitajika kuongeza irabu mwishoni, kama ilivyohitajika katika shati au benki, kwa sababu neno lilifika likiwa tayari limekaa kwa mujibu wa silabi za Kibantu. Ka-ri-a-ko-o: silabi tano, mkazo katika ya nne, kama inavyotakiwa.

Nairobi iko Kariokor, yenye asili hiyohiyo, soko na makaburi ya vita. Kulinganisha maumbo haya mawili kunafundisha jambo. Umbo la Nairobi linaishia na konsonanti ambayo haisikiki katika matamshi ya Mwingereza wala haikubaliki katika silabi ya Kiswahili; lilitoka kwenye karatasi, kwa mtu aliyeona herufi. Umbo la Dar es Salaam lilitoka kwenye sikio. Karani angeandika r. Aliyeunda Kariakoo hakuiona r hata siku moja, kwa kuwa hakuwa anasoma. Alikuwa anaitwa, au alikuwa akielekeza wenzake njia. Utohozi wa namna hii ulilipata pia jina la jeshi lenyewe. Herufi tatu K, A, R zilipotamkwa Kiingereza, watu walisikia Keya, na askari wa KAR wakawa askari wa Keya. Hapa nako r imeanguka. Wajerumani waliacha shule na hela. Vita vya kuwaondoa vikaacha Keya na Kariakoo.

Kwa hiyo, ikiwa sanamu iliwekwa na serikali, jina hili liliwekwa na wasemaji. Halikuzinduliwa. Halina nukuu ya mtunzi mashuhuri. Lakini linatajwa na makondakta na wachuuzi kila dakika ya mchana, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya maandishi yaliyo chini ya sanamu.

Mitaa mitatu

Tabaka la pili, la ofisi, lipo hatua chache kutoka sokoni. Majina ya mitaa ya Kariakoo ni ya aina nyingi. Yako ya jamii za watu, kama Nyamwezi, Sukuma na Swahili. Yako ya watu mashuhuri, kama Livingstone, na Aggrey, mwalimu wa kutoka Gold Coast aliyetembelea Afrika Mashariki mwaka 1924. Yako ya mahali panapojulikana, kama Pemba na Kongo. Katikati ya hayo yamo majina matatu ambayo mpita njia wa kawaida hawezi kuyaweka katika kundi lolote: Tandamti, Narung'ombe na Mahiwa.

Yote matatu ni majina ya mahali kusini mwa nchi, nyuma ya Kilwa na Lindi. Hakuna kati ya mahali hapo palipokuwa mji mkubwa, bandari au makao ya mfalme. Kilichowafanya watawala wa miaka ile wapajue ni jambo moja. Narung'ombe, kusini-magharibi mwa Kilwa, palipiganwa tarehe 19 Julai 1917. Kilima cha Tandamuti, magharibi mwa Lindi, kilipiganiwa mwanzoni mwa Agosti mwaka huohuo. Mahiwa, katika bonde la Lukuledi, pakafuata tarehe 15 hadi 18 Oktoba. Mapigano matatu ya kampeni moja, mwaka mmoja, katika mitaa ya ujirani mmoja: hiyo si sadfa. Aliyepanga majina alikuwa na orodha ya vita mbele yake.

Ushahidi mwingine ni bendera. Miongoni mwa heshima za vita ambazo KAR iliruhusiwa kuziandika kwenye bendera zake zimo Kilimanjaro, Narungombe na Nyangao. Nyangao ndilo jina walilolichagua Waingereza kwa pigano ambalo Wajerumani hulikumbuka kwa jina la Mahiwa. Mahali hapo pawili ni jirani. Hapa tabia ileile ya Antietam na Sharpsburg inajitokeza bondeni Lukuledi: pigano moja, majina mawili, kila upande na lake. Mtaa wa Kariakoo umechukua lile ambalo Mjerumani alilipenda. Na alikuwa na sababu ya kulipenda. Lettow-Vorbeck, akiwa na watu wapatao 1,500, aliizingira brigedi ya Wanijeria, akalizuia jeshi lililomzidi mara tatu, na kulitia hasara ya zaidi ya watu 2,000 kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Yeye alipoteza takriban 500, asiweze kuwafidia, na mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kuingia eneo la Mreno. Katika hesabu hizo zote mbili wapagazi hawamo.

Kiisimu, majina haya yamepata misukosuko inayostahili kuandikwa. Tandamuti ya ramani za vita imekuwa Tandamti. Kilichotokea ni kawaida kabisa: silabi mu mbele ya konsonanti katika lugha nyingi za bara hulingana na m ya Kiswahili, kama muti na mti, muntu na mtu. Msemaji wa Dar es Salaam alilisikia neno mti ndani ya jina, akalinyoosha. Baada ya hapo jina likaanza kuonekana kama sentensi ya Kiswahili, juu ya mti uliotanda, na maana hiyo mpya ikafunika kilima.

Narung'ombe limekutwa na jambo la kinyume. Katika maandishi ya Kiingereza limeandikwa Narungombe, bila ritifaa, kwa kuwa othografia ya maofisa haikutofautisha ng na ng'. Tahajia ya Kiswahili imeirudisha sauti mahali pake, na ni vizuri. Lakini iliporudi ilikuja na mnyama. Sikio la Mswahili haliwezi kusikia ng'ombe katika neno lisimwone ng'ombe, na katika kitongoji cha soko maelezo ya haraka yako tayari. Mwanafunzi wa majina ya mahali hatakiwi kuanzia mwisho wa neno. Aanze na mwanzo. Nachingwea, Nanganga, Nangurukuru, Naliendele, Nanyumbu: kiambishi na- ni muhuri wa majina ya kusini, kwa Wamwera, Wamakonde, Wayao na majirani zao. Uzaramo hauna mazoea hayo. Kwa hiyo hata kama kumbukumbu zote za vita zingeteketea, silabi ya kwanza ya Narung'ombe ingetosha kumwambia mchunguzi kuwa neno hili limesafiri, na limetokea upande gani.

Waliokosa tahajia

Upo upande mwingine wa suala la majina, na ni mzito kuliko wa mitaa. Mpagazi alipoandikishwa, karani aliandika jina kama alivyolisikia. Karani huyo aliweza kuwa wa lugha nyingine kabisa. Watu walitoa majina ya baba, ya ukoo, ya utani, au jina la uongo kwa matumaini ya kutoroka. Mamia waliitwa Juma na mamia Hamisi. Huko Kenya, tatizo la kuwatambua wapagazi na stahili zao ni miongoni mwa mambo yaliyochochea mfumo wa alama za vidole na cheti cha kuvaa shingoni baada ya vita, ambacho watu walikiita kipande na kukichukia kwa miongo kadhaa. Mabishano juu ya mishahara isiyochukuliwa ya wapagazi yaliendelea kati ya Nairobi na London miaka mingi. Pesa haikuweza kumfikia mjane kwa sababu, pamoja na mengine, jina lililokuwa kwenye daftari halikuwa jina lililojulikana kijijini.

Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina yao baada ya vita hivyo, au hawakukumbukwa kabisa. Katika Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Bagamoyo, ambako zaidi ya makaburi 600 yalihamishiwa kutoka Ocean Road mwaka 1968, tofauti hiyo inaonekana kwa macho: mmoja ana jiwe na jina, mwingine ametajwa kwa jumla. Mwezi Januari 2025 ulizinduliwa mnara Cape Town wenye majina ya watu weusi zaidi ya 1,700 wa vikosi vya kazi vya Afrika Kusini waliofia barani Afrika. Majina yao yalipatikana kwa kuwa daftari lilipatikana. Kwa wapagazi wengi waliopita Kariakoo daftari la namna hiyo halipo, na hakuna bidii ya mchongaji inayoweza kuziba pengo la karani.

Hilo ndilo linalolipa jina la Kariakoo uzito usio wa kawaida. Ni jina la kikosi ambacho wengi wa watu wake hawana jina. Ndiyo maana pendekezo linalosikika mara kwa mara katika miji ya Afrika, la kuyaondoa majina ya mitaa yaliyowekwa na wakoloni, linahitaji kupimwa kwa kila jina na si kwa jumla. Kichwele iligeuzwa Uhuru, na hakuna aliyepoteza. Tandamti likifutwa, itafutika alama pekee mjini ya kilima ambacho vijana wa Kiyao, Kinyamwezi na Kimakonde walikipanda wakilengana. Mwaka 2022, katika zoezi la kitaifa la anwani za makazi, vibao vilisimikwa na nyumba zikapewa namba nchi nzima. Kibao kina nafasi ya jina. Maelezo ya mstari mmoja chini yake, mahali na tarehe, yasingechukua rangi nyingi.

Na mwongozaji je? Gettysburg mwongozaji huonyesha ardhi, kisha hutaja jina. Kariakoo afanye kinyume: ataje jina, kisha aelekeze kidole kusini. Hahitaji leseni ya kijeshi. Anahitaji kujua tofauti ya ng na ng', habari ya mu iliyogeuka m, na sababu ya r kutokuwapo. Wakati msafara umesimama penye kona ya Tandamti, mahamali watapita na marobota vichwani wakipiga kelele wapishwe, na itambidi asubiri wapite.

Atakapotokea Mtaa wa Msimbazi, penye mabasi ya mwendokasi na jengo la klabu ambayo nusu ya nchi huiita Wekundu wa Msimbazi, atakuta vijana wamepanga bidhaa barabarani. Wanaitwa wamachinga. Wako wanaodai kuwa neno hili limetokana na Kiingereza, ati vijana wanaotembeatembea. Maelezo hayo yanachekesha lakini hayana ushahidi. Machinga ni jina la watu na mahali, pwani ya Lindi, na neno lilianza kutumika kwa wachuuzi kwa sababu wengi wa vijana wa kwanza waliokuja Dar es Salaam kuuza vitu mkononi walitoka huko kusini. Walipofika Kariakoo kutafuta pa kuweka meza, majina ya vilima na vijiji vya kwao yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwenye kona za mitaa, miongo mingi kabla yao, na watu ambao hawakuwauliza.